Kuchagua Lenzi ya Kamera kwa Picha za Mikutano ya Ndani
Somo kwa kamati za maendeleo za sharika

Kamati kadhaa zimetuuliza swali linalofanana: "Kamera tunayo, lakini picha za mikutano yetu hazifai kuwekwa kwenye taarifa. Je, tununue kamera nyingine?" Kwa wengi jibu letu ni hapana. Mara nyingi kamera iliyopo inatosha. Kinachohitaji kubadilishwa ni lenzi, na wakati mwingine ni mahali tu anaposimama mpiga picha. Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu katika toleo hili, maana fedha za vifaa zinatokana na sadaka za washarika na michango ya wafadhili, na hakuna anayependa kuona zimelala kabatini.

Mwisho wa somo hili msomaji ataweza:
(a) kueleza kwa nini picha za ndani hutoka na ukungu;
(b) kusoma namba zilizoandikwa kwenye lenzi;
(c) kuchagua lenzi inayofaa ukumbi wake kabla ya kutoa fedha;
(d) kupiga picha za watu bila kuwavunjia heshima.

Yaliyotupata

Miaka michache iliyopita tulialikwa kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka wa kikundi cha kuweka na kukopa katika usharika mmoja. Ilikuwa siku ya kugawana. Mvua ilikuwa inanyesha, umeme unasuasua, na ukumbi una madirisha madogo upande mmoja tu. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na akina mama watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo. Hiyo ndiyo picha tuliyoitaka: mikono mitatu na funguo tatu, ili mfadhili aliye mbali aelewe bila maelezo mengi jinsi fedha zinavyolindwa.

Kamera yetu ilikuwa na ile lenzi iliyokuja nayo kutoka dukani. Tulipopiga picha ya kwanza kwa flashi, akina mama waliacha mazungumzo, wakatugeukia, wakakaa wima kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Tukazima flashi. Picha zilizofuata zilikuwa zaidi ya 60. Sanduku linaonekana vizuri, lakini mikono ni kama moshi. Bibi mmoja aliyehesabu fedha zake mara tatu huku akicheka hana sura. Siku ile huja mara moja kwa mwaka. Taarifa yetu ilikwenda kwa wafadhili ikiwa na picha ya jengo, tena kwa nje.

Tulipokwenda dukani kuomba ushauri, tulionyeshwa lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200, yenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwa bei iliyokaribia bajeti yote ya vifaa ya mwaka ule. Tuliandaa hati ya malipo. Mhasibu wetu kabla ya kuidhinisha akauliza swali moja: "Ukumbi wenyewe una urefu gani?" Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kupima, tukakuta ni mita 8 kwa 12. Hati ile ilirudishwa mezani, na somo hili lilianzia hapo.

1. Kwa nini picha za ndani hutoka na ukungu

Kamera inahitaji mwanga kama kibaba kinavyohitaji nafaka. Nje mchana, mwanga ni mwingi na kibaba hujaa mara moja. Ndani ya ukumbi mwanga ni mdogo sana, hata kama macho yetu yanaona vizuri, kwa sababu macho hujirekebisha bila sisi kujua. Haba na haba hujaza kibaba, lakini watu hawakai tuli wakisubiri kibaba kijae. Wanageuka, wanacheka, wananyoosha mkono. Kila wanachofanya wakati kamera bado inakusanya mwanga kinaandikwa kwenye picha, ndiyo maana mkono unakuwa moshi.

Mambo matatu huamua kibaba kitajaa kwa muda gani:

Kwanza ni tundu la lenzi. Huandikwa kwa herufi f na namba, kwa mfano f/1.8, f/2.8 au f/5.6. Hapa wengi hukosea: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara 4 ya ile ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza karibu mara 10.

Pili ni muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, yaani kasi ya shata. Huandikwa kama sehemu ya sekunde, kwa mfano 1/20 au 1/100.

Tatu ni namba ya ISO, yaani jinsi kamera inavyokuza mwanga mdogo ilioupata. Ukiiongeza, picha inapata chembechembe kama mchanga.

Tuchukue mfano wa ukumbi wenye taa za tyubu chache, mwanga wake kiasi cha laksi 100, na kamera iwekwe ISO 1600:

– Kwa f/5.6, kamera itahitaji muda wa 1/20 ya sekunde.
– Kwa f/2.8, itahitaji 1/80.
– Kwa f/1.8, itahitaji 1/200.

Mtu anayezungumza huku akitumia mikono anahitaji walau 1/100. Mtu aliyekaa anasikiliza anaweza kupigwa kwa 1/60. Kwa hiyo lenzi ya f/5.6 katika ukumbi huu haiwezi kutoa picha safi ya watu wanaofanya shughuli zao, hata ikishikwa na fundi.

Baadhi ya lenzi zina kituliza mtikisiko. Kifaa hicho husaidia mkono wa mpiga picha usitikise kamera. Hakimzuii anayepigwa picha kusogea. Kwa picha ya madhabahu au jengo kinafaa; kwa picha ya mama anayehesabu fedha hakitoshi.

2. Namba mbili zilizoandikwa kwenye lenzi

Chukueni kamera yenu sasa mtazame sehemu ya mbele ya lenzi. Wengi mtaona 18–55 na 3.5–5.6. Namba za kwanza ni urefu wa lenzi kwa milimita: 18 huona eneo pana, 55 huvuta karibu. Namba za pili zinasema kwamba ukiwa kwenye 18 tundu hufunguka mpaka f/3.5, lakini ukivuta mpaka 55 tundu haliwezi kuzidi f/5.6. Maana yake ni kwamba kila unapovuta, unazidi kujinyima mwanga.

Hapo kuna jambo ambalo halihitaji fedha. Usharika usio na uwezo wa kununua lenzi uache kuvuta. Weka lenzi kwenye 18, kisha sogea kwa miguu. Peke yake hatua hiyo huongeza mwanga zaidi ya mara mbili na nusu kuliko kusimama mlangoni na kuvuta mpaka 55.

3. Lenzi ya urefu gani kwa ukumbi wetu?

Lenzi zenye tundu kubwa kwa bei nafuu karibu zote hazivuti. Zina urefu mmoja tu, na mpiga picha ndiye anayesogea mbele na nyuma. Kwa hiyo lazima kujua mapema lenzi itaona eneo la upana gani. Kwa kamera nyingi za Canon na Nikon za bei ya chini, mpiga picha akiwa mita 3 kutoka kwa watu, hali ni hii:

– Milimita 24: upana wa karibu mita 2.8, yaani watu wanne au watano kwenye benchi.
– Milimita 35: karibu mita 2, yaani watu watatu.
– Milimita 50: karibu mita 1.4, yaani watu wawili.
– Milimita 85: chini kidogo ya mita 0.8, yaani mtu mmoja kuanzia kifuani.

Sasa linganisheni na ukumbi wenu. Katika ukumbi wa mita 8 kwa 12, ukiondoa viti, meza na watu, mpiga picha hubaki na mita 2 hadi 4 za kusimama. Ile lenzi ya 70–200 tuliyotaka kununua ingetulazimisha kusimama nje ya dirisha. Lenzi kubwa pia huvuta macho ya watu wote chumbani, na mtu anayejua anaangaliwa huacha kuwa mwenyewe.

Ushauri wetu kwa mikutano ya ndani ni huu:

(i) Kwa ukumbi wa kawaida, anzeni na lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8. Nikon walitoa lenzi ya namna hii kwa kamera zao ndogo mwaka 2009, yenye uzito wa gramu 200, na inapatikana kwa urahisi ikiwa imetumika.

(ii) Kwa ukumbi mkubwa, au kama mnataka zaidi nyuso za watu, milimita 50 yenye f/1.8 inafaa. Ile ya Canon iliyotoka mwaka 2015 ina uzito wa gramu 160 hivi na ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo.

(iii) Kwa chumba kidogo cha ofisi au sebule ambamo jumuiya hukutana, milimita 24 yenye f/2.8 itaona watu wote. Mwanga wake hauzidi sana ule wa lenzi ya 18–55, hivyo inunuliwe pale tu ambapo nafasi ni finyu kweli.

Kabla ya kutoa fedha, fanyeni jaribio. Wekeni lenzi yenu ya 18–55 kwenye 35, izuieni kwa kipande cha selotepu, na pigeni picha mkutano mzima bila kuigusa. Mkutano unaofuata fanyeni hivyo kwenye 50. Picha zinaweza kutoka na ukungu, hilo lisiwasumbue. Mnachotafuta ni kujua kama mlikuwa mnarudi nyuma mpaka mnagonga ukuta, au mlikuwa mnaingia katikati ya watu. Baada ya mikutano miwili kamati itakuwa na jibu lake.

4. Mambo ya kukagua dukani

Vifaa vingi tunavyonunua vimetumika na watu wengine. Nendeni na kamera yenu na mkague haya:

– Je, lenzi inaingia kwenye kamera yenu? Lenzi ya Canon haiingii kwenye kamera ya Nikon. Hata ndani ya kampuni moja kuna mifumo tofauti: lenzi za mfumo wa Canon RF, ulioanza mwaka 2018, haziingii kabisa kwenye kamera za Canon za zamani. Lenzi za zamani za EF huingia kwenye kamera mpya za RF kwa kutumia kiunganishi.

– Je, inalenga yenyewe? Kamera ndogo za Nikon, kama D3100, D3200 na D3300, hazina mota ya kulengea ndani yake. Lenzi ya zamani ya AF-D itaingia, lakini mtalazimika kuilenga kwa mkono. Tafuteni iliyoandikwa AF-S.

– Je, ina kuvu ndani? Ielekezeni kwenye taa na kuchungulia. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui. Sharika za pwani na za kando ya ziwa zijihadhari zaidi kwa sababu ya unyevu. Lenzi yenu itunzeni pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

– Je, mna stakabadhi? Bila stakabadhi, mhasibu hawezi kuiingiza kwenye daftari la mali za usharika.

5. Siku ya mkutano

Fikeni nusu saa mapema. Fungueni madirisha na mapazia yote. Mpiga picha asimame upande wa madirisha, ili mwanga uwaangukie watu usoni. Akisimama upande wa pili, watu watatoka weusi na dirisha litakuwa jeupe.

Anzeni na ISO 1600, kasi ya 1/100 na tundu la f/2.5. Kasi ya 1/100 tumeichagua kwa sababu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kasi kubwa zaidi ya hapo inaweza kuacha mistari ya giza kwenye picha. Mwanga ukipungua, pandisheni ISO mpaka 3200. Picha yenye chembechembe inachapika; picha yenye ukungu haichapiki.

Tundu likiwa kubwa, eneo linaloonekana safi huwa jembamba. Kwa milimita 50 na f/1.8, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, ni sentimita 11 tu hivi ndizo zitakazokuwa safi. Lenga jicho lililo karibu nawe. Watu wawili wakikaa mmoja mbele na mwingine nyuma, punguza tundu mpaka f/2.8 au f/4.

Nusu saa ya kwanza kaeni tu mkiwa na kamera mapajani. Watu wakishaizoea, wataisahau.

Wale wenye simu tu wasikate tamaa. Simu nyingi za sasa zina lenzi yenye tundu kubwa, hata f/1.8, ingawa sehemu inayopokea mwanga ndani yake ni ndogo sana. Tumieni kamera kuu ya nyuma, zimeni flashi, msivute picha kwa vidole, na sogeeni karibu.

6. Heshima ya anayepigwa picha

Picha za namna hii zina historia. Mjini Berlin mwishoni mwa miaka ya 1920, mwanasheria aliyegeuka mpiga picha, Erich Salomon, alianza kutumia kamera ndogo iliyoitwa Ermanox yenye lenzi ya f/2, jambo geni kwa wakati ule. Kwa lenzi hiyo aliweza kuingia kwenye mahakama na mikutano ya wanasiasa wa Ulaya, akapiga picha bila flashi wakati wakubwa wanasinzia, wananong'onezana au wanabishana. Mwaka 1931 alitoa kitabu cha picha hizo. Alikuwa Myahudi, na aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Wapiga picha wa habari bado wanafuata njia aliyoifungua.

Salomon aliwapiga picha watu wenye madaraka, waliokuwa wakiamua mambo ya mataifa. Sisi tunawapiga picha watu ambao mara nyingi hawawezi kutukatalia, kwa sababu mradi umekuja kwa mikono yetu. Hiyo ni tofauti kubwa, na tulijifunza kwa kukosea.

Mwaka uliofuata ule wa picha za moshi, tulirudi kwenye kikundi kile tukiwa na lenzi ya milimita 35. Tuliipata picha ya funguo tatu. Siku hiyohiyo mama mmoja aliulizwa mbele ya wenzake kuhusu mkopo aliochelewa kulipa, akafuta machozi kwa kitenge. Tulipiga. Ilikuwa picha safi kuliko zote, na tuliibandika kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi pamoja na nyingine. Baada ya hapo yule mama hakuonekana kwenye mikutano. Mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyetueleza sababu. Tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alitukaribisha chai, akasema, "Mngeniuliza kwanza, wanangu." Tulimkabidhi picha ile na kufuta iliyokuwa kwenye kompyuta. Kikundini alirudi, lakini mpaka leo tukiingia na kamera huhamia benchi la nyuma.

Tangu hapo tunafuata utaratibu huu:

– Mwenyekiti hutangaza mwanzoni kwamba picha zitapigwa na zitatumika wapi. Ridhaa huandikwa kwenye muhtasari.
– Wasiotaka huoneshwa upande wa kukaa, na kamera haielekezwi huko. Hawaulizwi sababu.
– Picha za watoto hupigwa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi.
– Mtu anayelia, anayedaiwa au anayeumwa hapigwi picha, hata kama mwanga ni mzuri.
– Kabla ya kuondoka tunawaonesha watu picha zao. Anayesema "futa", tunafuta palepale.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo kuomba ridhaa kumekuwa zaidi ya adabu njema. Nao wafadhili wetu tunawaomba watuelewe taarifa inapofika bila picha ya machozi. Huenda ilikuwepo, na tuliiacha kwa makusudi.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Ukumbi wetu una urefu na upana gani, na madirisha yako upande upi?
2. Lenzi tuliyonayo imeandikwa namba gani? Tundu lake kubwa kabisa ni lipi?
3. Katika picha za mwaka jana, ngapi zinaonesha watu wakifanya kazi, na ngapi zinaonesha watu waliopangwa mstari?
4. Je, yupo mtu kwenye picha zetu ambaye hatukumwomba ridhaa? Tutafanya nini?
5. Nani atatunza lenzi na kamera, na zitaandikwa kwenye daftari gani?

Ile picha ya funguo tatu tumeitundika ofisini. Ina chembechembe, na mkono wa mama wa tatu umekatwa kidogo pembeni kwa sababu tulikuwa karibu mno. Wageni wakija huuliza ni nini kile, na huko ndiko mazungumzo kuhusu kikundi huanzia. Kamati zitakazofanya jaribio la selotepu zituletee majibu kabla ya toleo lijalo, pamoja na vipimo vya ukumbi wao.